Chuma cha Mzee Yusti

Makandana, Tukuyu
8 Desemba 2024

Mpwa wangu Saada,

Assalaam aleikum. Barua hii ikikukuta umejifunika blanketi huko Uholanzi, jua na sisi tumejifunika, maana mvua ya Tukuyu haina likizo. Mama yako hajambo. Goti limepungua kumuuma, na juzi alikwenda sokoni mwenyewe, akarudi na magimbi na umbea. Mwanangu Rahim bado ni mshambuliaji wa Majani Mabichi, na bado anapiga mashuti kama mtu anayefukuza kuku.

Utajiuliza kwa nini sikupigi simu. Sikio langu la kushoto limeshafunga duka, na la kulia mvua ikipiga bati halisikii kitu. Halafu jambo lenyewe si la simu. Neno likiingia kwenye simu ya Rahim asubuhi, mchana liko stendi. Mama yako naye unamjua. Tuandikiane.

Mimi bado ni fundi cherehani na bado ni mwenyekiti wa klabu. Mwezi wa nane nilileta kocha mpya. Ni mume wa Tulia, yule muuguzi aliyefanya kazi Ulaya miaka mingi akarudi kujenga hapa Makandana. Jina lake Joost Terwiel. Watu wameona tabu kulitamka, wakamwita Mzee Yusti. Alikuja dukani kupunguza suruali. Nikamuuliza kazi yake ya zamani. Akasema, "Mpira." Mpira gani? "Kucheza. Halafu kufundisha." Nikasubiri aendelee. Akachukua suruali yake akaondoka. Nikamfuata hadi kwake.

Sasa sikiliza. Kabla ya kila mechi anaingia uwanjani peke yake na chuma chembamba, kirefu cha kufika kiunoni, chenye mpini wa mbao. Anakichoma ardhini, anatulia kama anayesikiliza mlangoni, anakichomoa, anasogea. Mahali pengine anapopita anasimika kijiti cha tete. Timu ikipasha misuli vijiti vipo. Mechi ikikaribia anaviondoa vyote, na hasemi neno. Nilimshonea mfuko wa kuhifadhia hicho chuma kisipate kutu. Alifurahi mno, anautembeza mgongoni kila mahali.

Tangu aje, hapa nyumbani hatujafungwa. Mzee Meshaki wa Matwebe, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa kamati yetu ya ufundi, yaani mtu wa kushughulikia dawa na waganga kabla ya mechi, alinijia akasema, "Ndaga, asante, mwenyekiti. Umetuletea fundi kweli kweli. Mie kazi yangu imekwisha."

Wewe ni mwandishi wa habari na uko nchini kwake. Niambie huyu mtu ni nani, na kile chuma ni cha nini. Usiniambie nimuulize mwenyewe. Nimemuuliza. Alijibu neno moja: "Maji."

Mjomba wako,
Mudathiri


Utrecht
5 Januari 2025

Shikamoo mjomba,

Barua yako imenifikia mwaka mpya ukiwa umeshaanza. Tuko salama. Theluji imeanguka, na binti yangu Shamimu ameanguka juu yake mara nyingi zaidi. Nafurahi kusikia goti la mama limetulia. Mwambie magimbi ya huku yanauzwa yamefungwa kwenye plastiki kama dawa za hospitali, na ladha yake ni ya plastiki.

Kuhusu Terwiel, nimeanzia kwenye magazeti ya zamani. Haya nimeyathibitisha.

Alizaliwa katika kijiji kilicho chini ya usawa wa bahari. Nchi hii ina vijiji vingi vya namna hiyo. Maji yakiachwa yafanye yanavyotaka, watu watahamia kwenye paa. Baba yake alikuwa mtunza mifereji. Yeye alichezea klabu moja tu, Oudermeer, kiungo wa nyuma, tangu ujana hadi magoti yalipokataa. Hakuwa na mbio. Mwandishi mmoja wa wakati ule aliandika kwamba Terwiel hukimbia kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Hata hivyo alikuwa wa kwanza kufika kwenye mpira, na hakuna aliyeeleza kwa nini. Mara moja aliitwa timu ya taifa. Alikaa benchi mpaka mwisho, akarudi kwao kwa treni.

Baada ya hapo akawa kocha. Aliipandisha Oudermeer daraja, kisha klabu nyingine mbili ndogo. Halafu akachukuliwa na klabu kubwa kidogo, na kabla ya Krismasi ya kwanza akaondolewa. Baada ya hapo jina lake halionekani tena. Gazeti lilisema "tofauti kati yake na uongozi". Nimeandika maneno kama hayo mara nyingi kazini, na najua huandikwa pale mwandishi asipoambiwa kitu.

Chuma sijakijua bado. Nimepata anwani ya nahodha wake wa zamani. Nitamfuata.

Nina maswali mawili, ya kazi tu. Nani alikuwa wa kwanza kusema kwamba chuma ni dawa? Na huo mfuko uliushona kwa kitambaa gani?

Mpwa wako,
Saada


Makandana, Tukuyu
26 Januari 2025

Mpwa wangu,

Waaleikum salaam. Tumepata barua yako, na mama yako anataka kujua kwa nini mtoto aachwe aanguke kwenye theluji. Mjibu mwenyewe. Huku ukungu umekaa wiki nzima. Mteja akiingia dukani namjua kwa sauti, na kwa sikio langu hilo si jambo dogo. Godwin fundi baiskeli amepata mapacha.

Mambo yameharibika. Tulicheza na Mpunga FC ya Kyela, wale wa bondeni. Mshindi ndiye anayeuwakilisha mkoa. Tuliwafunga mbili bila. Mechi ilipokwisha hawakupanda basi lao. Mwenyekiti wao, Hosea, mtu mnene mwenye koti la mvua mchana kutwa, alitoa jembe kwenye buti la gari. Wakachimba pale vijiti vilipokuwa.

Walipata gunzi la mahindi.

Unaujua uwanja wetu. Watoto wa Tukuyu nzima wanakula mahindi ya kuchoma pale. Ukichimba popote utakuta gunzi, na ukizidi kuchimba utakuta la babu yake. Lakini Hosea alilifunga kwenye kitambaa cheupe bila kuligusa kwa mkono, akalipeleka kwa kamati ya nidhamu kuwa ni ushahidi. Malalamiko yanasema kocha wetu anazika vitu uwanjani kwa idhini ya mwenyekiti wa klabu. Mwenyekiti wa klabu ni mimi.

Tukipatikana na hatia, klabu inafungiwa msimu mzima na mimi nafungiwa maisha. Vijana hawa wakikaa msimu bila ligi watatawanyika. Rahim ameshaanza kuzungumzia bodaboda. Mimi nimeijenga timu hii tangu inachezea jezi za kuazima, na jezi zote za baadaye nimezishona mwenyewe, namba kwa namba.

Wanachama wamegawanyika. Nusu wanasema tumfukuze Mzee Yusti kabla ya shauri ili tuonekane wasafi. Nusu wanasema tusimguse, kwa kuwa mtu mwenye nguvu kama zile hafukuzwi. Hakuna hata mmoja anayesema hana kitu. Mwenyewe nimemweleza kwamba kuna malalamiko kuhusu ukaguzi wa uwanja. Akaitikia kwa kichwa. Kwao pia, akasema, watu walilalamika.

Nahitaji karatasi yoyote ya huko inayoonyesha kwamba chuma ni kitu cha kawaida. Shauri ni tarehe 22 Februari. Fanya haraka.

Mjomba wako,
Mudathiri

Kijana wa posta anafunga, sina nafasi ya mengine.


Utrecht
20 Februari 2025

Shikamoo mjomba,

Barua yako imefika leo asubuhi. Hii haitakufikia kabla ya shauri. Naiandika hata hivyo, maana niliyoyapata utayahitaji baadaye. Shamimu amepona kifundo cha mguu na amerudi kwenye theluji; mama nimeshamweleza kwa simu, na hakukubaliana na maelezo.

Nilikwenda Oudermeer. Nahodha wa zamani anaitwa Wouters, ana duka la baiskeli. Nilipotaja chuma alicheka hadi akakaa chini.

"Bado anacho?" akauliza. "Ni cha baba yake. Watunza mifereji wote walikuwa nacho. Unachoma, unajua maji yako umbali gani chini ya nyasi. Penye maji karibu, mpira unakufa. Penye udongo mgumu, unaruka. Joost alijua kabla ya mechi mpira utafia wapi. Anasimama hapo, anausubiri. Sisi tunakimbia, yeye anasubiri."

Alipokuwa kocha aliendelea. Vijiti ni vya kuwaonyesha wachezaji sehemu kavu wakipasha misuli, wazikariri kwa miguu. Ile klabu iliyomwondoa ilikuwa imetandika nyasi za bandia. Siku ya kwanza alichoma chuma kwa mazoea, akapasua zulia jipya mbele ya mwenyekiti na wageni. Wouters anasema hakurudi kuwa yule yule. Alizunguka kwenye uwanja ule kama mtu aliyepotelewa na funguo.

Hapo ndipo habari ingekwisha, lakini nilirudi maktaba. Nililinganisha matokeo yake na hali ya hewa, msimu kwa msimu. Siku za kiangazi, uwanja ukiwa mkavu pote na chuma hakina la kusema, timu zake zilishinda sawasawa na siku za mvua. Nikampigia Wouters.

"Makocha wa timu pinzani walikuwa wanamtazama akichoma," akasema. "Wanaanza kuinama, wanashika nyasi, wanagombana na wasaidizi wao. Joost hakuwahi kuliona hilo. Alidhani ni maji tu. Na usimwambie."

Jambo jingine alilonieleza. Mwaka ule walipopanda daraja, Terwiel alimfuata mwamuzi akamwambia bao la timu yake lilipitia mkononi. Bao likafutwa. Wachezaji wake hawakuongea naye mwezi mzima. Huyo ndiye kocha wako, mjomba. Akijua anashinda kwa kitu kisicho mpira, hatakaa hata siku moja.

Nilikuuliza maswali mawili Januari. Hukujibu hata moja.

Saada


Makandana, Tukuyu
12 Machi 2025

Mpwa wangu Saada,

Amani iwe nawe na mtoto. Mama yako anasema amekusamehe, lakini ameagiza Shamimu anunuliwe viatu vya maana. Mapacha wa Godwin wanalia kwa zamu. Barua yako imefika jana, na shauri lilikwisha zamani. Nimeisoma mara mbili, kisha nimeichoma moto, usiulize kwa nini.

Kamati ilikuja Tukuyu yenyewe, watu watatu na gunzi lao. Hosea alisimulia kwa kirefu. Halafu wakamwita Mzee Yusti. Hakujitetea. Alisema, "Twende uwanjani," akavuta mfuko wake mgongoni, akatangulia kwenye mvua. Ikabidi wote tumfuate na miamvuli.

Akachoma chuma. Akamwita mwenyekiti wa kamati ashike mpini. "Sikia," akasema. "Hapa maji. Pale kavu." Yule mzee akachoma hapa, akachoma pale, uso ukamfunguka kama mtoto. Akadondosha mpira mahali pa kwanza, ukakaa palepale. Akaudondosha mahali pa pili, ukaruka. Kamati nzima wakaanza kugombania zamu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni moyo ukiniuma, maana Mzee Yusti alikuwa anagawa siri yetu yote kama peremende.

Mwisho akamnyooshea Hosea mpini. "Jaribu."

Hosea akaweka mikono yote miwili mifukoni. "Sina shida, mzee."

"Chukua. Hata nyumbani peleka. Nitatengeneza kingine."

"Nimesema sina shida!" Akarudi nyuma hadi akakanyaga dimbwi.

Walipokuwa wanaondoka nilimsikia Hosea, kwa sikio langu zima, akimnong'oneza katibu wake: "Umeona? Anataka tuondoke nacho wenyewe kwa mikono yetu."

Uamuzi: hakuna hatia, gunzi limetupwa. Lakini ili kuondoa manung'uniko mechi itarudiwa hapa hapa tarehe 5 Aprili, na kocha atafanya ukaguzi wake hadharani, timu zote mbili zikitazama. Mshindi ndiye anakwenda. Ushindi wetu wa mabao mawili umeyeyuka, na siri haipo tena. Usiku nimekaa nawaza tutawashinda kwa nini sasa.

Umeandika kwamba huko makocha walikuwa wanamtazama na kuvurugika. Hilo halikunishangaza. Mimi mteja akiona futi imening'inia shingoni mwangu, hata sijamgusa, anavuta tumbo ndani na kusimama wima. Hakuna aliyemwambia.

Mjomba wako,
Mudathiri


Utrecht
1 Aprili 2025

Shikamoo mjomba,

Sisi wazima. Viatu vimenunuliwa.

Jana nimeongea na mama. Nilimuuliza kuhusu mapacha, kuhusu goti, na katikati, kama jambo la kupita, kuhusu mfuko wa Mzee Yusti. Akasema ni mzuri, umeshonwa vizuri, mistari ya nyekundu, nyeusi na nyeupe.

Jezi za Majani Mabichi ni kijani na njano. Duka lako limejaa kijani na njano tangu nikiwa mtoto. Mtu wa Rungwe au wa Kyela akiona nyekundu, nyeusi na nyeupe zimeshonwa pamoja juu ya chuma kinachochomwa ardhini, anafikiri kitu kimoja tu, na si maji. Mholanzi hawezi kulijua hilo. Fundi cherehani anayeuza hata kwa waganga anaweza.

Sikuhukumu. Nauliza kwa mara ya tatu. Na naongeza: yeye mwenyewe ameshajua?

Saada


Makandana, Tukuyu
27 Aprili 2025

Mpwa wangu Saada,

Assalaam aleikum wa rahmatullah. Mama yako anakusalimu na anasema umekuwa mjanja kwenye simu. Mvua imezidi, barabara ya Matwebe imekatika na ndizi zinaletwa kwa kichwa. Rahim hazungumzii tena bodaboda. Utaelewa sasa hivi.

Tarehe tano uwanja ulijaa hadi juu ya miti. Mpunga waliingia kwa kuruka uzio wa nyuma, hawakutaka lango. Chumba cha kuvalia tulichowaandalia hawakukigusa. Walivalia jezi kwenye mvua. Mzee Yusti akafanya ukaguzi wake hadharani kama kamati ilivyoagiza. Akasimika vijiti mahali pakavu, polepole, kila mtu aone. Vijana wa Mpunga walisimama mstari mmoja na Hosea nyuma yao, wanahesabu vijiti kwa midomo. Kisha akaving'oa.

Nilidhani tumekwisha. Sasa na wao wanajua pakavu ni wapi.

Filimbi ikalia. Dakika chache nikaanza kuona kitu. Winga wao anashuka na mpira vizuri, akifika palipokuwa na kijiti anakata kona ghafla, anaingia matopeni, mpira unakufa. Beki wao anakimbilia mpira, akifika pakavu anapazunguka kama mtu anayekwepa kaburi. Mmoja alijisahau akapita katikati. Hosea akapiga ukelele, yule kijana akaruka kama amekanyaga moto. Wote kumi na mmoja walikuwa wanacheza kwenye maji, na pakavu pote wametuachia sisi. Mzee Meshaki alikaa karibu nami amejifunika gunia. "Mwenyekiti," akasema, "mie nilikuwa nasumbuka na kuku weusi bure."

Mapumziko tulikuwa sare bila bao, kwa sababu ya Rahim. Mzee Yusti akanijia, uso umekunjamana.

"Kwa nini hawakimbii pale? Pale kavu. Waliona."

Nikamwambia watu wa bondeni hawajazoea milima.

Jibu halikumtosha. Halafu akageuka, akavuka uwanja mzima, mfuko mgongoni, hadi walipoketi Mpunga nyuma ya goli. Nilimfuata mbio, na nilimsikia akiwaambia kwa Kiswahili chake: "Vijana, pale kavu. Kimbieni pale. Ni vizuri kwenu." Na kwa wema wake akaanza kuwaonyesha kwa kidole, sehemu moja baada ya nyingine.

Hosea alisimama. "Asante mzee. Tumekusikia sana."

Mzee Yusti alipoondoka, Hosea akawageukia vijana wake: "Mmesikia anavyotuita?"

Kipindi cha pili winga wao hakuvuka hata mstari wa katikati. Rahim alipewa mpira peke yake, mahali pakavu, hakuna beki hata wa kumsalimia. Akapiga shuti la kufukuza kuku. Liligonga mwamba, likamgonga kipa mgongoni, likaingia. Moja bila. Majani Mabichi inauwakilisha mkoa, mimi sijafungiwa, na Tukuyu haikulala.

Mzee Yusti hakushangilia. Alikaa benchi amepakata chuma chake.

Wiki iliyofuata aliingia dukani. Nilikuwa nakata jezi mpya. Akauweka mfuko mezani, akaomba nimshonee mwingine. Nikamuuliza huu una kasoro gani. Akasema hauna, lakini anataka wa kijani na njano, rangi ya timu. Nikaukata huo mpya palepale mbele yake. Huu wa zamani nimeutundika ukutani juu ya cherehani. Juzi Hosea alipita Tukuyu kwa shughuli zake, akaingia kuniletea suruali nipanue kiuno. Nia yake ilikuwa njema, tulishapeana mikono. Akainua macho ukutani. Akatoka hajaaga, na suruali akaondoka nayo.

Swali lako nimelisoma, la kwanza na la pili, na hili uliloongeza. Siku ile ile aliyoleta mfuko, Mzee Yusti naye aliniuliza. Mfuko mpya ulipokwisha aliugeuza huku na huku, akautazama wa ukutani, akanitazama mimi.

"Mudathiri," akasema, "vitambaa vya kijani unavyo tele. Kwa nini wa kwanza haukuwa hivi?"

Nikavuta futi shingoni. Nikamwambia naona amepungua, asimame nimpime suruali ya safari, maana mechi za ugenini zinakuja.

Akanitazama mimi, akaitazama futi. Kisha akavuta tumbo ndani, akasimama wima, na nilipomaliza kupima akauliza tunasafiri lini.

Mjomba wako,
Mudathiri